Glasi Midomoni: Goya Alivyojichora Akiwa Mahututi

Mzee ameketishwa kitandani, kwa sababu mwenyewe hawezi kuketi. Kichwa kimelala begani mwa mtu aliye nyuma yake, shingo imelegea, midomo imeachana kidogo, na macho yako katika hali ile anayoijua kila aliyewahi kukesha na mgonjwa: hayajafumba, lakini hayaoni kitu. Amevaa joho la kijivu la kulalia juu ya shati jeupe. Miguu imefunikwa blanketi jekundu, na mikono imeng'ang'ania shuka kama ya mtu anayeogopa kuteleza. Anayemshikilia ni daktari mwenye koti la kijani. Mkono mmoja umemzunguka mgonjwa asianguke, wa pili umeshika glasi na kuisogeza mdomoni. Nyuma yao ni giza, na ndani ya giza hilo zimo nyuso mbili tatu ambazo ukipita haraka huzioni.

Mzee huyo ni Francisco Goya, mchoraji mkuu wa mfalme wa Hispania. Na aliyeichora picha ni Goya huyo huyo.

Ni picha ya rangi za mafuta kwenye turubai, urefu wake kama sentimita 115 na upana 76. Tangu 1952 ni mali ya jumba la sanaa la Minneapolis, Marekani. Chini ya picha mchoraji ameacha ukanda mwembamba na kuandika maneno kwa Kihispania, ambayo kwa Kiswahili ninayaweka hivi: "Goya, kwa shukrani, kwa rafiki yake Arrieta: kwa ustadi na uangalifu aliomwokolea nao maisha katika ugonjwa wake mkali na wa hatari, alioupata mwishoni mwa mwaka 1819, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Aliichora mwaka 1820." Jina kamili la daktari ni Eugenio García Arrieta. Maandishi hayataji ugonjwa ulikuwa upi, na ukiyasoma tena utaona hayana hamu ya kuutaja. Yanachotaja ni jinsi alivyotunzwa.

Nimekuwa nikiirudia picha hii kwa muda mrefu, na kila mara ninakwama mahali pamoja. Alijionaje?

Mchoraji anayejichora hutegemea kioo. Anakiweka kando ya turubai, anajitazama, anapiga brashi, anajitazama tena. Ndiyo maana picha nyingi za aina hii zina macho makali yanayokukodolea. Watu huyasifu kwamba yanapenya hadi rohoni, kumbe mtu alikuwa anahakikisha tu umbali kati ya jicho na pua. Goya alikuwa mzoefu wa kazi hiyo. Mwaka 1815, akiwa na miaka 69, alijichora kola ikiwa wazi, kichwa kimeinama upande kidogo, nyuma yake pakiwa peusi tupu. Picha hiyo ipo katika matoleo mawili, moja katika jumba la Prado na la pili katika Akademia ya sanaa ya San Fernando, yote mawili Madrid. Ukisimama mbele yake unajua kabisa kioo kilikuwa wapi.

Kwenye picha ya Arrieta kioo hakiwezi kuwapo. Hakuna kioo kinachomwonyesha mtu sura yake wakati amezimia. Siku zile za mwisho wa 1819 huenda Goya hakujua kama ni usiku au mchana, sembuse jinsi shingo yake ilivyolala. Kwa hiyo sura ile imejengwa baadaye, mtu akiwa mzima, kwa kumbukumbu za vipande vipande, kwa kusimuliwa na waliokuwapo, na kwa maarifa ya mchoraji aliyetazama wagonjwa na maiti wengi katika maisha yake, hasa wakati wa vita vya Hispania dhidi ya majeshi ya Napoleon, 1808 hadi 1814. Amejichora kama watu wengine walivyomwona. Kwa mtu aliyejichora mara nyingi kama yeye, hilo ni badiliko kubwa, na ndilo lililonifanya nikichague kisa hiki nilipotaka kueleza wachoraji wa enzi hiyo walivyojiona.

Tuitaje enzi hiyo kwanza. Wahakiki wetu wa fasihi waliipa jina la ulimbwende (kwa Kiingereza Romanticism), na sijui kama walikuwa wanatania. Mlimbwende ni mtu wa kujipamba, anayetoka nyumbani ili aonekane. Kwa baadhi ya wachoraji jina linawakaa barabara. Mtazame Mfaransa Eugène Delacroix alivyojichora karibu na 1837, picha iliyopo katika jumba la Louvre, Paris: kizibao cha kijani, tai nyeusi, kidevu juu, dharau kidogo mdomoni. Au kijana Gustave Courbet, ambaye katika miaka ya 1843 hadi 1845 alijichora macho yamemtoka, mikono miwili imejichimbia nywele, akiwa mtu aliyekata tamaa, ingawa shati lake jeupe limekaa vizuri mno kwa mtu wa namna hiyo. (Courbet baadaye aligeuka kuwa kinara wa uhalisia, lakini picha hiyo ni ulimbwende mtupu.) Turner, Mwingereza, alijichora karibu na 1799, akiwa na miaka 24 hivi, uso mbele kama mtu anayekuja kudai deni. Caspar David Friedrich, Mjerumani, alijichora kwa chaki mwaka 1810 akiwa amejifunika vazi kama la mtawa, jicho moja likiwa kwenye nuru na la pili likizama kivulini.

Hawa wote wana mavazi tofauti na tabia tofauti, ila wanafanana kwa kitu kimoja: wako peke yao. Enzi ile ilimfundisha msanii kwamba chanzo cha sanaa kimo ndani yake, si kwa mfalme wala kwa kanisa wala katika kanuni za akademia. Friedrich alisema mchoraji asichore tu kilicho mbele yake, achore pia anachokiona ndani yake, na kama haoni chochote ndani, basi aache kuchora hata kilicho mbele. Mtu mwenye imani hiyo akijichora atajichora peke yake, kwa sababu mtu wa pili angeziba chemchemi.

Goya naye alichimba ndani, tena kabla ya wengi wao kushika brashi. Ila katika picha hii ndani yake tunamkuta mtu mwingine.

Kabla ya 1820 alikuwa amejichora katika nafasi za kila namna. Mwaka 1783, akiwa bado anatafuta njia ya kuingia ikulu, alimchora waziri mkuu, kabaila Floridablanca, na akajiweka pembeni ya picha akimwonyesha bwana mkubwa turubai; waziri anang'aa kwa nguo nyekundu, Goya ni kama tarishi aliyeleta barua. Mwaka 1800 alipoichora familia ya Mfalme Carlos wa Nne, alisimama nyuma kabisa, kivulini, turubai kubwa mbele yake. Kuna picha ndogo ya chumba chake cha kazi ambamo amesimama mbele ya dirisha lenye mwanga mkali, kichwani kofia yenye vishikio vya mishumaa ukingoni. Mwanawe Javier aliandika kwamba baba yake alipenda kumalizia picha usiku kwa taa, kwa hiyo kofia ile ilikuwa kifaa cha kazi, ingawa ukiitazama huwezi kuacha kucheka kidogo. Halafu kuna bamba la kwanza la Los Caprichos, mkusanyiko wa michoro 80 ya kuchapa aliouuza Madrid mwaka 1799 katika duka la manukato na pombe: Goya wa ubavuni, kofia ndefu, kope nzito, mdomo umebonyea kama aliyenusa kitu kibovu. Hapo ni mtu anayewadharau watazamaji wake kabla hata hawajafungua ukurasa wa pili.

Mtumishi, mtu wa ikulu, fundi, mwenye kejeli. Mgonjwa hakuwamo, ingawa ugonjwa ulikuwa umeshampitia na kumwachia alama ya kudumu.

Mwishoni mwa 1792, akiwa safarini Andalusia, aliugua vibaya akauguzwa Cádiz, nyumbani kwa rafiki yake mfanyabiashara Sebastián Martínez. Kichwa kilijaa kelele, macho yakapungua nguvu, akawa hawezi kutembea bila kuyumba. Alipopona, masikio yalikuwa yamekufa. Madaktari wa siku hizi hawachoki kukisia chanzo, iwe sumu ya risasi iliyokuwamo kwenye rangi, kaswende, au mojawapo ya maradhi ya kinga ya mwili, na kila baada ya miaka michache anatokea mwingine na jibu jipya. Kwetu hapa kilicho na uzito ni alichokifanya Goya baadaye. Januari 1794 alimwandikia Bernardo de Iriarte wa Akademia akimpelekea picha ndogo ndogo, akieleza kwamba alizichora ili kuishughulisha fikra yake iliyochoshwa na kuyawaza maradhi, na kwamba ndani yake ameweza kuingiza mambo ambayo kazi za kuagizwa haziyapi nafasi. Humo mna ajali, mna wendawazimu waliofungiwa uani, mna moto. Yeye mwenyewe kitandani hayumo. Ugonjwa ule wa kwanza ulimfungulia mlango wa kuchora mabaya ya dunia, lakini hakuruhusu mtu amwone alivyolala.

Basi imempasa aishi uziwi miaka 27 kabla ya ugonjwa wa pili. Na uziwi huo ndio ninaouona katikati ya picha ya Arrieta, ingawa hakuna sikio lililochorwa kwa mkazo wowote.

Fikiria kazi ya daktari usiku ule. Mgonjwa hasikii. Huwezi kumwita jina ili arudi, huwezi kumwambia kunywa kidogo tu mzee, huwezi kumwambia pole. Kwa watu wazima wenye kusikia, nusu ya kuuguza ni sauti: mtu aliye mahututi hashiki maneno, lakini anashika kwamba kuna anayesema naye. Arrieta hakuwa na njia hiyo. Alikuwa na mikono tu, na ukiitazama picha kwa makini utaona kwamba mikono ndiyo inayofanya mazungumzo yote. Mkono wa mabegani unasema tulia, wa glasi unasema kunywa, na mikono ya Goya kwenye shuka inajibu kwamba bado yupo.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi ambamo picha hii imeandikiwa. Sisi tunatenganisha kutibu na kuuguza. Anayetibu anatoa dawa na kwenda kwa mgonjwa mwingine. Anayeuguza anakaa. Anageuza mto, anafuta jasho, anashika kichwa wakati wa kunywesha ili dawa isipotee kifuani. Katika desturi kuuguza ni kazi ya mke, mama, binti au dada, watu ambao hawaandikwi majina chini ya picha. Goya amemchora daktari, mtu wa elimu na koti safi, akifanya kazi ya kuuguza. Na ameandika mambo mawili, ustadi na uangalifu, kama aliyetaka pasitokee mtu wa kudhani kwamba la kwanza lilitosha.

Ili kupima uzito wa heshima hiyo, rudi kwenye Los Caprichos, bamba la 40. Mgonjwa amelala, na anayempima mapigo ya moyo ni punda aliyevaa koti zuri. Chini imeandikwa: "Atakufa kwa ugonjwa gani?" Jibu analijua kila anayemtazama punda. Maelezo ya zamani ya bamba hilo yaliyohifadhiwa Prado yanamsifu tabibu kwa kejeli, eti ni mtulivu, anatafakari, hana haraka, mtake nini tena? Aliyechora dhihaka hiyo mwaka 1799 ndiye aliyeandika neno "rafiki" kwa daktari mwaka 1820. Sidhani alikuwa amebadili mawazo kuhusu madaktari kwa jumla. Alikuwa amekutana na mmoja.

Umbo la picha nalo halikutoka hewani. Katika nchi za Kikatoliki, Hispania ikiwemo, mtu aliyeponea chupuchupu katika ugonjwa, ajali au dhoruba ya bahari alichoresha picha ndogo akaipeleka kanisani kutimiza nadhiri. Mara nyingi zilichorwa na mafundi wa mtaani, na mpangilio wake ni ule ule: kitandani mgonjwa, kwenye kona ya juu mawinguni Bikira Maria au mtakatifu aliyeombwa, chini maandishi ya nani aliugua, lini, na nani alimwokoa. Nadhiri si jambo la kuelezwa sana kwa msomaji wa Kiswahili. Tofauti ni kwamba huko nadhiri huning'inizwa ukutani ikiwa na rangi.

Goya ameuchukua mpangilio huo wote, hadi maandishi ya chini, kisha akaondoa kitu kimoja. Kona ya juu haina mtakatifu. Pale ambapo macho ya muumini yangepanda kutafuta wingu pana giza. Mwokozi ameshuka, ameketi kitandani nyuma ya mgonjwa, na amevaa koti la kijani la mjini. Wanahistoria wengi wa sanaa husema pia kwamba namna Goya alivyolala mikononi mwa daktari inakumbusha picha za Maria akimpakata Yesu aliyeshushwa msalabani. Ni kweli inakumbusha, ila mimi siupi ulinganisho huo nafasi kubwa. Yesu wa picha zile amekwisha kufa na hanywi kitu. Hapa jambo lote liko kwenye glasi, na kuna picha nyingine ya Goya mwenyewe iliyo karibu zaidi.

Kiangazi cha 1819, miezi michache kabla hajaugua, Goya alichora picha kubwa ya altare kwa kanisa la San Antón la Madrid, la watawa wa Escuelas Pías. Ni Mtakatifu Yosefu wa Calasanz akipokea komunyo ya mwisho. Kama Goya, Calasanz alikuwa mtu wa jimbo la Aragón. Mzee amepiga magoti, uso umepauka kama karatasi, macho yamefumba, mdomo umefunguka, na padri anainama kumwekea hostia ulimini. Nuru inashuka kutoka juu kwa mshazari. Watoto wa shule na watawa wamejaa gizani nyuma. Goya alirudisha sehemu kubwa ya malipo ya kazi hiyo, akasema lazima amfanyie mtakatifu wa kwao kitu fulani, akawaongezea watawa zawadi ya picha ndogo ya Kristo kwenye Mlima wa Mizeituni.

Ziweke picha hizi mbili pamoja. Mzee aliyepauka, mdomo wazi. Mkono wa mtu mwingine unaoleta kitu mdomoni. Giza lenye nyuso za mashahidi. Mwezi Agosti kitu hicho ni hostia, na kinampeleka mzee kwenye kifo chema. Mwishoni mwa mwaka ni glasi ya dawa, au pengine maji tu, nayo inamrudisha mzee kwenye siku za kawaida. Mchoraji yule yule alichora tukio lile lile mara mbili katika muda wa mwaka mmoja hivi, na mara ya pili mzee akawa yeye. Sitaki kusema kwamba alipoteza imani. Picha ya Calasanz haikuchorwa na mtu asiye na imani. Ila alipofika kwenye kifo chake mwenyewe, aliyemkuta karibu alikuwa Arrieta, na hilo ndilo aliloandika.

Zile nyuso za gizani zimezua maneno mengi. Wapo wanaoona padri aliyekuja na mafuta matakatifu, wapo wanaoona watumishi wa nyumbani, wapo wanaoona wale wanawake watatu wa hadithi za Wagiriki wanaosokota uzi wa maisha na kuukata. Goya alizichora kwa rangi nyembamba isiyokamilika na hakuziandikia majina. Kwangu ni watu wanaokaa pembeni ya chumba cha mgonjwa wakati hakuna la kufanya. Kila nyumba yenye mtu mahututi inao. Hawasemi, hawaondoki, na baadaye mgonjwa akipona anawakumbuka kama kivuli, hajui ni nani alikuwapo siku gani. Kama ni hivyo, basi hapo ndipo penye ukweli zaidi wa mtu aliyejichora bila kioo: alichora hata alivyoshindwa kuona.

Nyumba yenyewe ina kisa chake. Februari 1819 Goya alinunua shamba nje kidogo ya Madrid, ng'ambo ya mto Manzanares, lililokuwa likiitwa Quinta del Sordo, Shamba la Kiziwi. Jina lilitangulia, mwenyeji wa zamani wa eneo hilo alikuwa kiziwi pia. Mke wa Goya, Josefa Bayeu, alikuwa amefariki 1812, na aliyekuwa akikaa naye sasa ni Leocadia Weiss pamoja na binti yake mdogo Rosario. Nje ya nyumba nchi ilikuwa inatetemeka. Januari 1820 luteni kanali Riego alianzisha uasi wa kudai katiba, na Machi Mfalme Fernando wa Saba akalazimika kuikubali. Tarehe 4 Aprili Goya alihudhuria kikao cha Akademia na kuapa utii kwa katiba hiyo. Kwa hiyo miezi michache tu baada ya glasi ile, mzee alikuwa na nguvu za kuvuka mto, kusimama mbele ya wenzake na kuinua mkono.

Kisha alirudi nyumbani na kuanza kuchora kutani. Kati ya 1820 na 1823 kuta za Shamba la Kiziwi zilijaa zile picha 14 zinazoitwa Picha Nyeusi: Saturno, mungu wa Warumi, akimla mwanawe, wachawi wamemzunguka mbuzi, watu wawili wakipigana kwa marungu. Kuanzia 1874 zilibanduliwa na kuhamishiwa kwenye turubai, na sasa ziko Prado. Watu wengi husoma picha ya Arrieta kama mlango wa kuingilia humo: mzee aliugua, akaona kifo, akatoka na giza. Sikubaliani na mpangilio huo rahisi, na mbili kati ya picha hizo ndizo zinazonisaidia kuupinga.

Moja ni ya mzee mwenye ndevu ndefu nyeupe, ameegemea fimbo, na nyuma yake kiumbe mwenye uso wa kinyama amesogeza mdomo sikioni mwake na kupiga kelele. Ya pili ni ya wazee wawili wanaokula supu. Mmoja ameshika kijiko, mdomo umekenuka bila meno, na mwenzake ni kama fuvu. Sasa linganisha. Huko sikio la mzee linapigiwa kelele, na kwa Arrieta mzee ameshikwa kimya. Huko kijiko na ulafi wa uzee, kwa Arrieta glasi inayoletwa polepole na mtu mwingine. Maungo ni yale yale, mdomo, sikio, mkono, na mtu wa nyuma. Kilichobadilika ni huyo wa nyuma. Kwa hiyo picha ya Arrieta naiona kuwa ni upande wa pili wa kuta zile. Goya alijua nini kinaweza kuja kusimama nyuma ya mzee kiziwi, na alizichora hali zote mbili.

Tofauti moja zaidi. Zile za ukutani hakumchorea mtu. Hakuna aliyeziagiza, hazina maandishi, na alipoondoka zilibaki ukutani. Hii ya mgonjwa alimchorea Arrieta akampa. Walimbwende walijichora ili dunia ijue wao ni nani, na wengi walizitunza picha hizo karibu nao hadi kufa. Goya alijichora akiwa katika hali ya unyonge kuliko zote, kisha akaitoa sura hiyo iende nyumbani kwa mtu aliyeiona mara ya kwanza.

Narudi kwenye maandishi ya chini, kwa sababu kuna kitu nilikipita miaka mingi bila kukiona. Yote yako katika nafsi ya tatu. Hakuandika "nilikuwa mgonjwa, ukaniokoa". Ameandika Goya, aliyeokolewa, aliyekuwa na miaka sabini na mitatu, aliichora. Ndivyo nadhiri zilivyoandikwa, kwa hiyo mtu anaweza kusema ni desturi tu. Lakini hapa desturi imekaa mahali pake kabisa. Mtu wa kitandani hakuwa na uwezo wa kusema mimi, na aliyeshika brashi alimwacha hivyo hivyo. Jina la mchoraji, ambalo kwa wenzake wa enzi ile lilikuwa bendera, limefungua sentensi ya kumsifu mtu mwingine.

Glasi ile ilimletea miaka minane zaidi. Wafaransa walipoingia Hispania mwaka 1823 kumrudishia Fernando mamlaka yote, Goya alimwandikia mjukuu wake Mariano lile shamba, na mwaka 1824 akavuka mpaka. Rafiki yake Moratín, mwandishi wa tamthilia aliyempokea Bordeaux, Ufaransa, aliandika kwamba mzee amefika kiziwi, mzito, dhaifu, hajui neno la Kifaransa wala hana mtumishi, na amefurahi ajabu, anataka kuona kila kitu. Aliurudia uchapaji wa kutumia jiwe akiwa na karibu miaka 80, akatoa michoro ya mchezo wa ng'ombe. Akachora vipicha vidogo kwenye pembe za ndovu. Alifariki huko tarehe 16 Aprili 1828.

Kwa rangi za mafuta hakujichora tena baada ya Arrieta. Ipo moja tu ya mwaka 1824, ya kalamu na wino, ndogo kuliko kiganja: mzee wa ubavuni, kofia kichwani, peke yake.